Gari yetu ya pili

Watoto wa Sake waliijua gari yetu kwa sauti mbele ya kuiona. Mlango wake wa nyuma ulikuwa unagongagonga kila penye shimo, nao walikuwa wakipiga kelele: "Pasta anakuja na kabati yake!" Walisema kweli. Ni gari ndogo ya mgongo mrefu, ile watu wa garaji wanaita break: mbele ni gari ya kawaida, nyuma ni kabati. Iliundwa Japani mwaka wa 1998. Sisi tuliinunua mwaka wa 2017, kwa bei ya dola 3200.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ndoa, juu ya watoto, juu ya afya na juu ya pesa. Leo naandika juu ya gari, lakini utaona mwenyewe kwamba mambo hayo mane yote yamo ndani yake. Najua kwamba wengi wenu, wachimbaji, wanegosia, walimu, wauguzi, mnaweka akiba kidogo kidogo ili mnunue gari, ao mko na moja tayari ya kazi na mnatafuta ya pili ya nyumba. Mimi si fundi. Nilisoma shule ya Biblia, si shule ya ufundi. Lakini nilikosea mara moja juu ya chombo cha kutembelea, na mara ya pili nilikaribia kukosea tena. Mtu aliyeniokoa alikuwa ndani ya nyumba yangu.

PIKIPIKI YA MUBI

Mwaka wa 2007 nilitumwa Mubi, katika teritware ya Walikale. Wenye kukumbuka siku zile wanajua namna ilivyokuwa. Kasiterite ilionekana Bisie mwaka wa 2002, na maelfu ya watu wakaingia porini. Wabebaji walibeba magunia mgongoni katika msitu, mwendo wa siku mbili, mpaka Njingala. Kutoka pale mizigo ilipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara, gari zikisimama pembeni kuzipisha. Ndege zilileta bia, mchele, sabuni na chumvi, zikarudi Goma na mawe. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa na bei ya ndege. Pesa ilipita mbele ya macho yetu kama maji ya mto Lowa, na kama maji ya mto haikusimama.

Mimi nilikuwa na baiskeli. Nilipokwenda kutembelea makanisa madogo ya kando ya barabara, vijana wa machimbo walinipita na pikipiki mpya na kunisalimia kwa honi. Walinisalimia kwa heshima, lakini mimi niliona haya. Mwanzoni mwa mwaka wa 2010 nikachukua pikipiki mpya kwa deni. Tulipatana na mwenye duka kwamba nitalipa kila mwezi, miezi kumi na minne. Nilifanya hesabu yangu kwa kalamu na karatasi, lakini nilihesabu sadaka za miezi mizuri tu.

Mwezi wa tisa wa mwaka ule, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wote wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ile iliondolewa mwezi wa tatu wa 2011. Miezi sita ni mingi. Wachimbaji walitawanyika, maduka yakafunga, kapu la sadaka likarudi mbele na mayai na sombe. Mwezi wa kumi na mbili mwenye duka akaja kuchukua chombo chake. Simlaumu, ilikuwa haki yake. Aliiondosha pale mbele ya kanisa, siku ya Jumamosi, wanakwaya wote wakitazama. Nilirudi kwa baiskeli, na deni la miezi niliyochelewa nikaendelea kulilipa mpaka 2012, juu ya kitu nisichokuwa nacho.

Wakubwa wetu wa Masisi walijua somo hilo mbele yangu. Mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani. Watu waliacha mashamba na kukimbilia mashimo. Mwaka wa 2001 bei ikaanguka. Ni hivi: madini yanapanda na kushuka, lakini mashini haina habari ya soko. Mwezi mzuri itaomba esansi, mwezi mbaya itaomba esansi ile ile. Mwenye kuishi penye machimbo anunue chombo ambacho anaweza kukilisha katika mwezi mbaya.

USIKU WA MVUA

Mwaka wa 2013 nikahamishwa Sake. Sake iko pale milima ya Masisi inapomalizikia, karibu na ziwa. Ukitazama upande mmoja kuna barabara ya kupanda Mushaki, kuelekea Rubaya na Masisi-sentre. Upande mwingine kuna barabara tambarare ya Goma, karibu kilometa 25, inayopita juu ya mawe ya volkano. Sehemu ya mawe hayo ni ya Nyamulagira, iliyotapika mwaka wa 1938 mpaka moto wake ukafika ndani ya ziwa Kivu.

Parokia ilikuwa na Land Cruiser ya zamani. Hiyo ndiyo gari ya kwanza, na ilikuwa gari ya kazi kweli. Ilipanda milimani na dawa, na vitabu, na wazee wa kanisa; ilishuka na wagonjwa na magunia ya viazi. Wakati wa mvua ilikuwa inaweza kulala siku tatu ndani ya matope. Hakuna aliyelalamika, maana ilikuwa kwa ajili ya watu wa mlimani ambao hawana kitu kingine. Lakini sisi tuliobaki chini hatukuwa na kitu.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne 2016, mtoto wetu wa mwisho, msichana wa miaka minne, akashikwa na malaria mpaka akaanza kushtuka mwili mzima. Kwenye sentre ya afya walifanya waliloweza, kisha wakasema: "Pasta, peleka mutoto Goma, tena sasa hivi." Nikapiga simu kwa shofere wa Land Cruiser. Alikuwa amekwama mbele ya Masisi, amesimama ndani ya mvua na mwiko wa kuchimbia. Nikabisha kwa watu watatu wenye gari. Wawili hawakuwapo, wa tatu aliogopa njia ya usiku, na alikuwa na sababu ya kuogopa.

Tukapata pikipiki. Bibi yangu akamfunga mtoto kifuani kwa kitenge, akafunika juu na shiti ya plastiki, akapanda nyuma ya mwendeshaji. Nafasi yangu haikuwapo, na watoto wengine hawakuwa na mtu wa kulala nao. Nilisimama barabarani nikitazama taa nyekundu ya nyuma mpaka mvua ikaimeza. Mimi niliyezoea kuombea watu wengine, usiku ule nilikosa neno hata moja.

Kwenye mawe ya volkano pikipiki ikateleza wakaanguka. Bibi yangu aliangukia mgongo ili mtoto abaki juu, na mguu wake ukabaki chini ya bomba la moshi. Waliinuka, wakaendelea. Mtoto alipona. Alama ya moto iko kwenye mguu wa mama yake mpaka leo, pana kama kiganja.

Baada ya wiki tatu, tulipomaliza kula, bibi yangu akaleta mkebe wa maziwa ya unga akaufungua mezani. Ndani kulikuwa dola 900. Alikuwa ananunua jibini kwa wafugaji wa Masisi na kuiuzisha Goma, nami nilifikiri faida yake inaishia kwenye sabuni na madaftari ya watoto. Akasema: "Baba watoto, mimi sitafute gari ya sifa. Natafuta kitu chenye kufunga mvua."

Tukaanza kuongeza. Mwaka mmoja uliofuata jibini ilifikisha dola 1900. Tuliuza ng'ombe wawili tuliowaweka kwa rafiki karibu na Matanda, tukapata 1100. Likelemba yetu ya wachungaji na walimu ilipofika kwa jina langu, ikaleta 1200. Jumla 4200. Haikuwamo hata franka moja ya kanisa, na haikuwamo hata franka moja ya deni.

GARI YENYE VOLANI MBILI

Habari ya mutu anayetafuta gari haifichwi. Kabla sijaenda Goma, akaja kwangu mnegosia mmoja wa koltani, mkristo mwenzetu, mtoaji mzuri. Akasema: "Pasta, mtumishi wa Mungu hapaswe kutembea ndani ya kabati. Niko na rafiki Goma, anauzisha jeep nzuri, dola 11000. Wewe weka zako 4000, mimi naweka 7000. Utanirudishia polepole, hata miaka mitano. Sitaki faida."

Nilikwenda kuiona. Ilikuwa nyeupe, juu, yenye kioo cheusi na baridi ndani. Rafiki yake akanipa ufunguo nizunguke nayo. Nawaambia kweli: katika dakika zile kumi nilikuwa nimeshafika Mubi, napita mbele ya kanisa lile, na wanakwaya wanatazama.

Jioni nikamweleza bibi yangu. Hakubisha. Aliuliza neno moja tu: "Siku ile atakuomba kitu, wewe utaweza kumwambia hapana?"

Nikamjibu kwamba hakuomba kitu. Lakini nilipokuwa nikijibu nikakumbuka sentensi moja aliyoisema kwa kucheka, tukiwa njiani: kwamba gari ya mchungaji haisumbuliwi sana kwenye bariere. Ninyi wasomaji wa machimbo mnajua maana yake. Wakati ule gunia la koltani lilipaswa kuwa na etikete yake, na kulikuwa magunia yaliyokuwa yanatafuta njia bila etikete.

Bibi yangu akasema: "Gari ya deni iko na volani mbili. Moja utashika wewe, ya pili atashika yeye. Siku mtakata kona, tutajua nani ni shofere."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba yeye anajua jibini, hajue gari. Hilo ni neno ambalo ningependa nisingelisema. Nililala nikimpa mgongo. Saa nane ya usiku nikaamka, nikaona tena ile pikipiki inavyoondolewa mbele ya kanisa, nikajua kwamba safari hii si pikipiki peke yake ingeondolewa. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Asubui nilimwomba bibi yangu radhi, kisha nikaenda kumshukuru yule ndugu na kumwambia kwamba tutanunua kwa kipimo chetu. Alinyamaza sana. Kwa miezi kadhaa akasali kwingine. Baadaye alirudi, na mpaka leo tunasalimiana vizuri. Sikusema kwamba ni mutu mubaya. Nasema tu kwamba deni lake lingenifanya mimi kuwa mubaya.

KUTAFUTA NA KUPIMA

Kuna watu wanaodharau gari ya mgongo mrefu, wakisema ni ya maskini. Hawakumbuke. Baba zetu walisafiri Afrika nzima ndani ya Peugeot 504 ya aina hiyo. Chini yake nyuma ilikuwa na resori nne, mbili kila upande, ili ibebe mzigo bila kukaa chini, na ile waliyoita familiale ilikuwa na mistari mitatu ya viti. Peugeot 504 ziliunganishwa Mombasa kule Kenya, na Kaduna kule Nijeria. Sifa yake ilikuwa kufika.

Nilikwenda Goma na fundi wetu wa Sake, siku mbili, tukatazama gari tano. Alinifundisha mambo ambayo nawapa ninyi bure.

Kwanza, fika asubui mbele ya mwenye gari kuiwasha. Motere iliyopashwa moto inaficha ugonjwa. Gusa kwanza, ikiwa ya moto, rudi kesho bila kumwambia saa. Pili, fungua kifuniko cha oili. Ukiona ndani rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Mwambie mwenyewe aksanti, uende. Tatu, tazama moshi: wa bluu maana yake inakula oili. Ine, tazama chini, si juu. Rangi inapakwa kwa siku moja, lakini kutu ya chini inasema umri wa kweli. Tano, usisadiki namba za kilometa. Tazama pedali na kiti cha shofere: kama namba zinasema gari ni kijana na pedali zimekwisha kama kisigino cha mkulima, amini pedali. Sita, linganisha namba ya kadre na karatasi za duane, herufi kwa herufi. Gari ya bei rahisi isiyo na karatasi ndiyo gari ghali kupita zote.

Gari ya kwanza ilikuwa na maziwa ndani ya oili. Ya pili mwenyewe alikuwa ameshaiwasha, siku zote mbili. Ya tatu namba zilikataa. Ya ine ilikuwa nzuri lakini bei ilikula pesa yetu yote. Ya tano ilikuwa hii Toyota Corolla nyeupe, petroli, iliyotoka Uganda kwa njia ya Bunagana. Ilikuwa na jeraha ubavuni na kiti kimoja kimepasuka. Fundi akaipandisha kilima cha Mushaki ikiwa na watu watano ndani, ili aone maji yatachemka. Hayakuchemka. Akashuka, akasema: "Pasta, hii gari haiko muzuri kwa macho, lakini haiko na bongo." Mwenyewe aliomba 3800, tukamalizia 3200.

Hapa ndipo wengi wanakosea, nami ningekosea kama ningalikuwa peke yangu. Mtu mwenye 4200 ananunua gari ya 4200. Sisi tulibakisha 1000 makusudi. Tuliandika ndani ya daftari: pine nne zilizotumika kidogo, 200, amortisere nne, 160, mkanda wa motere na pompi ya maji, 90, freni, 60, bamba la chuma la kukinga motere chini, 40, plaki na karatasi, 180. Jumla 730. Zikabaki 270, tukazirudisha ndani ya ule mkebe wa maziwa na kuuita "mkebe wa gari". Tangu siku ile, kila jibini inayopanda gari inalipa nauli ndani ya mkebe, kama abiria. Ndiyo maana gari haijawahi kulala garaji juu ya kukosa pesa ya kipande kidogo.

JICHO LA UPANDE WA KUSHOTO

Gari hii iko na volani upande wa kuume, kama nyingi zinazotoka Japani na kupita Uganda. Lakini kwetu Kongo tunatembea kuume ya barabara. Ndiyo kusema shofere anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita Fuso yenye mzigo, haoni kitu mbele isipokuwa magunia. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto.

Kwa hiyo mama watoto akawa jicho langu la kushoto. Anainama kidogo, anasema: "Bado... bado... kuna moto inakuja... sasa." Mimi sipiti mpaka aseme "sasa". Siku moja tulikuwa tumechelewa harusi, naye akasema "bado", nami nikasema moyoni "tosha", nikatoka. Uso kwa uso na pikipiki iliyobeba makala, magunia matatu. Kijana alienda ndani ya majani upande mmoja, sisi tukarudi nyuma ya Fuso kwa nafasi ya kidole. Nilisimama. Nilishuka kumwomba yule kijana radhi na kumsaidia kufunga mzigo wake. Niliporudi ndani ya gari bibi yangu hakusema kitu. Ni mimi niliyesema: "Na siku ile ya jeep, ulikuwa umekaa kushoto pia."

Nimehubiri juu ya ndoa mara nyingi, nikitumia maneno makubwa. Lakini sijapata mfano unaopita huu wa barabara ya Goma. Kuna hatari ambayo mwanaume anayeshika volani haioni, si kwa kuwa ni mjinga, ni kwa sababu ya pale alipokaa. Kuna nyingine ambayo mwanamke haioni. Ukimnyamazisha yule anayeona, hautembei haraka; unatembea kipofu.

KILA GARI NA MPAKA WAKE

Gari ya pili haipaswe kufanya kazi ya gari ya kwanza. Hilo nalo nililipia. Mwaka wa 2018, Land Cruiser ikiwa garaji, nikapandisha kabati yetu mlimani wakati wa mvua kwa mkutano. Ilipanda Mushaki vizuri, nikajivuna, nikaendelea. Mbele kidogo jiwe likapita kando ya bamba letu la chuma na kutoboa chombo cha oili. Tulivutwa na ng'ombe, na mkutano ulifanyika bila mimi. Tangu pale tukaandika kwenye daftari: gari hii inaishia Sake, juu ni kwa Land Cruiser. Kwenda Goma na kurudi inakunywa karibu litre tano, na Land Cruiser ilikuwa inakunywa karibu tisa kwa njia ile ile. Kila moja kwake, zote mbili zinadumu.

Ndani ya mpaka wake imefanya kazi nyingi. Ukilaza viti vya nyuma, mtu mzima analala ndani. Imebeba mama wenye kuzaa, sita kwa hesabu ya bibi yangu, na mmoja alizalia njiani. Mtoto alikuwa mzima. Imebeba maiti za maskini ambao ndugu zao hawakuwa na pesa ya kukodi. Imebeba jibini, viti vya harusi, ngoma za kwaya, na mbuzi mmoja aliyekula kitambaa cha kiti kile kilichopasuka.

Mwezi wa pili wa 2024 vita vilifika karibu na Sake na mabomu yakaanguka. Watu walikimbia kwa maelfu kuelekea Goma, kwa miguu, na magodoro kichwani. Land Cruiser ilikuwa upande wa juu, haikuweza kushuka. Tulikuwa na kabati yetu tu. Tulikwenda na kurudi mara nne siku ile, kutoka Sake mpaka Mugunga. Hatukubeba vitu, tulibeba wale wasioweza kutembea: wazee, wagonjwa wawili, mama aliyezaa juzi, mtoto mwenye ulemavu na bibi yake. Safari ya tatu kioo cha nyuma kilivunjika, sijui kwa nini. Safari ya ine resori moja ikalia, lakini haikukatika.

Nilipokuwa nikiendesha nilifikiri juu ya ile jeep nyeupe. Labda ingebeba vizuri kuliko kabati. Lakini ninajua kwamba siku ile isingekuwa mkononi mwangu. Ingekuwa kwa mwenye volani ya pili, ikikimbiza magunia yake.

Mwezi wa kwanza wa 2025 vita viliingia Goma penyewe. Gari ilikaa miezi mingi imefunikwa na shiti uani kwa ndugu aliyetupokea. Nilipoiwasha tena, batri ilikuwa imekufa, panya walikuwa wamejenga chini ya kiti, na motere ikakubali mara ya tatu. Mahali pa kioo cha nyuma tumeweka plastiki nene. Inafunga mvua.

Kama wewe na mwenzako mnafikiri kununua gari ya pili, kaeni mezani mbele ya kwenda kwa muuzaji, mjibu pamoja: Itafanya kazi gani, tena kwenye njia gani? Tutailisha na nini mwezi ambao machimbo yamefungwa? Tumebakisha ngapi kwa matengenezo? Na kuna mutu mwingine yeyote atakayeshika volani yake? Mmoja wenu akisema "bado", msitoke.

Msichana wetu wa mwisho hakumbuki usiku wa mvua. Anajua hadithi tu, na ile alama kwenye mguu wa mama yake. Yeye anakaa nyuma, ameshika kamba tuliyofungia mlango usigonge. Mbele, mama yake ameinama kidogo upande wa kushoto, anatazama barabara. Na kwenu, ndugu, nani anakaa kushoto, tena mnamsikiliza?

Mungu awalinde njiani.